Siku Mbili za Mvua Ambazo Hazikunyesha

12.4. 8.2. 10.4.

Niliandika namba hizo tatu asubuhi ya Jumatatu moja ya Aprili, nimechuchumaa katikati ya uwanja wa shule ya chekechea iliyo mkabala na duka langu la fotokopi hapa Umoja, Nairobi. Matatu ya alfajiri kutoka Mwingi ilikuwa imenishusha mjini saa moja, na viatu vyangu vilikuwa bado na udongo mwekundu wa kaburini, maana tulikuwa tumetoka kumzika mjomba. Sikupitia nyumbani. Nilikuwa naiwahi saa tatu, na niliiwahi.

Kipimo cha mvua kilikuwa na maji. Nikaondoa faneli, nikayamimina kwenye glasi ya kupimia, nikaishika glasi usawa wa jicho na kusoma chini ya ule mkunjo wa maji, kama nilivyofundishwa. Milimita 31.0.

Kwenye daftari, sasa, palikuwa na visanduku vitatu vinavyosubiri: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Niliondoka Ijumaa baada ya kupima, sikumwachia mtu kazi, na maji ya siku tatu yalikuwa yamejikusanya kwenye chupa moja kama nauli mfukoni mwa konda. Huwezi kujua ipi ilitoka kwa nani.

Nikagawa.

Sikugawa sawa kwa sawa, hilo lingejulikana. Jumamosi niliipa nyingi kidogo, Jumapili nikaipunguzia, Jumatatu nikairudishia. Nikatia na nukta, kwa sababu namba isiyo na nukta hunuka kubahatisha. Nikajumlisha mara mbili kuhakikisha zinafika 31.0. Zikafika. Ukurasa ukapendeza.

Hakuna aliyeniuliza lolote. Lakini kwa wiki sita zilizofuata, kila nilipofungua daftari lile macho yalikwenda kwenye mistari hiyo mitatu kama nzi kwenye kidonda.

## Mzee wa madaftari

Sikuanza kupima mvua kwa kuipenda sayansi. Jiografia ya sekondari iliniachia mchoro mmoja tu kichwani: mshale unaopanda mlima ukiwa na mvua, na kushuka upande wa pili ukiwa mkavu.

Nilianza kwa sababu ya mteja.

Alikuja dukani na madaftari matatu yaliyofungwa kwa kamba, la juu likiwa limeshaonjwa na mchwa. Alitaka nakala ya kila ukurasa. Kazi ya fotokopi hukufanya usome vitu vya watu bila kutaka, na mimi nilisoma: siku za mwezi kushuka chini, namba pembeni. 0.0, 0.0, 0.0, 4.2, T, 0.0.

“Mzee, hizi hesabu ni za nini?”

“Za mvua, binti.”

“Zote?”

“Na za kutonyesha.”

Alikuwa mwalimu wa jiografia mstaafu, anakaa Uthiru, na siku hiyo alikuja huku Eastlands kumwona mwanawe. Nikamuuliza hiyo T ni nini. Akasema ni mvua iliyonyesha ikakataa kupimika. Vumbi limelowa, mabati yamelia kidogo, lakini ukimimina kwenye glasi hakuna cha kusoma. Huwezi kuandika sifuri, maana imenyesha. Huwezi kuandika namba, maana huna. Basi unaandika T.

Nilikaa na hiyo T hadi jioni. Sikujua kuna watu duniani wanaojali tofauti ndogo kiasi hicho.

Baada ya wiki mbili alirudi na kipimo ndani ya gunia, akaniambia Umoja hawana mtu. Wao ni kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, kila mmoja na mtaa wake, na mwisho wa mwezi wanatuma namba kwa mratibu wao. “Mvua ya Uthiru si ya Umoja,” alisema, na hilo halikuhitaji ushahidi. Yeyote aliyewahi kupanda gari Uthiru akiwa amelowa chapachapa na kushuka Umoja kwenye vumbi, watu wakimtazama kama aliyeanguka mtoni, anajua. Upande wa magharibi wa jiji umepanda kuelekea Kikuyu na Limuru na hupata mvua zaidi. Upande wetu unateremka kwenda mbuga za Athi.

Kisa chake anachokipenda, na nimeshakisikia mara nne, ni cha Fort Collins, Colorado. Julai 1997 mafuriko ya ghafla yaliua watu 5 katika mji huo wa Marekani. Upande mmoja wa mji ulifunguliwa mbingu. Upande mwingine, kilomita chache tu, ulipata mvua ya kawaida. Vipimo rasmi vilikuwa vichache mno kuiona tofauti hiyo. Mwaka uliofuata Nolan Doesken, mtaalamu wa tabianchi wa chuo kikuu cha pale, pamoja na wenzake, wakaanza kuwaomba watu wa kawaida wapime mvua uani kwao. Mtandao huo unaitwa CoCoRaHS na leo una wapimaji kwa maelfu.

“Kwa hiyo unataka nifanye kazi ya bure kila siku?” nilimuuliza.

“Dakika tano.”

Hakusema dakika tano kila siku ya Mungu, Krismasi ikiwamo.

## Saa tatu, ambayo pia ni tisa, ambayo pia ni sita

Kupima ni saa tatu asubuhi. Mshale wa saa ukutani unaonyesha tisa. Na katika saa ya dunia, ile watu wa hali ya hewa wanayoandikia, ni saa sita kamili. Namba tatu, dakika ileile. Nilipenda hilo kuliko jambo lolote jingine mwanzoni. Nilijiona nimeunganishwa na mahali pakubwa kuliko Umoja.

Kazi ngumu ni kujua mvua ya usiku ni ya siku gani. Hapo Kiswahili kilinisaidia, kwa sababu tayari tuna “usiku wa kuamkia Jumapili”, maneno ambayo mtangazaji wa redio huyasema bila kufikiri. Wazee wa pwani siku yao huanza jua likizama, kwa hiyo usiku huo kwao ni wa Jumapili tayari. Simu yangu inabadilisha tarehe saa sita ya usiku. Kipimo nacho kina siku yake, ya saa tatu hadi saa tatu. Ninachosoma Jumapili asubuhi ni kila tone lililoanguka tangu Jumamosi saa tatu.

Weka hilo akilini, nitalirudia.

Milimita yenyewe ni rahisi ajabu, na nilikasirika kwamba sikuwahi kuambiwa shuleni kwa lugha hii: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba. Basi. Paa la mabati la mita 6 kwa 10, mvua ya milimita 1, ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Katika mtaa ambao maji ya mfereji huja kwa mgao na mtungi unanunuliwa, hiyo ni pesa inayodondoka barabarani.

## Nilipima upepo

Mwanzoni nilikiweka kipimo juu ya paa la ghorofa ninapoishi. Niliona nimefikiria sana: watoto hawafiki, wezi hawafiki, mbingu iko wazi. Mwalimu akapanda ngazi za ghorofa tano akihema, akasimama pale kati ya kamba za nguo, akacheka.

“Binti, hapa umepima upepo.”

Kumbe ni kosa la kale. Katika miaka ya 1760 daktari mmoja wa London, William Heberden, aliweka vipimo vitatu: kimoja chini, cha pili juu ya paa la nyumba, cha tatu juu kabisa ya kanisa la Westminster Abbey. Baada ya mwaka, cha Abbey kilikuwa kimekusanya nusu na kidogo tu ya kile cha chini. Watu wakazozana kwa karibu karne nzima, wengine wakisema matone hunenepa yakishuka. Mwaka 1861 William Stanley Jevons, ambaye wanafunzi wa uchumi wanamjua kwa mambo mengine kabisa, akaeleza kwamba mwizi ni upepo. Hewa ikigonga jengo, au hata kile kipimo chenyewe, hupinda na kukaza mwendo juu yake, ikayapeperusha matone yapite mdomo wa kipimo bila kuingia. Kadiri unavyopanda ndivyo upepo unavyozidi, na ndivyo unavyoibiwa.

Kwa hiyo chini. Na chini kuna kanuni nyingine: kaa mbali na jengo au mti angalau mara mbili ya urefu wake. Ghorofa tano ni kama mita 15. Nilihitaji mita 30 za wazi kila upande.

Mita 30 za wazi, Umoja! Ukiziona, ujue kuna kesi mahakamani.

Uwanja wa chekechea ulikuwa ndio bora tuliopata, na haukutimia: upande wa mashariki kuna ghorofa mita 20 tu kutoka kipimo. Mwalimu hakujali nilivyodhani angejali. Alitoa kalamu akaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu: “Ghorofa, mashariki, mita 20.” Akafunga.

## Sinia la unga

Mambo ya mawingu niliyasoma usiku, kwenye simu, na mengi yaliniingia sikio hili yakatokea lile. Lakini hili la unga lilikaa.

Wilson Bentley, yule mkulima wa Vermont, Marekani, aliyepiga picha za chembe za theluji, alitaka kujua matone ya mvua yana ukubwa gani. Akachukua chombo chenye unga laini, akakitoa nje mvuani kwa sekunde chache, akakirudisha ndani. Kila tone liligeuka kidonge cha unga. Akaacha vikauke, akavipima. Alichapisha matokeo mwaka 1904.

Unga ninao. Mvua ninayo. Mwisho wa Aprili, jioni moja ilipoanza kunguruma, nilimwita binti wa mlinzi wa chekechea, yuko gredi ya tano na hana woga wa kuuliza, tukatandaza unga wa ngano kwenye sinia, tukalifunika kwa gazeti, tukasubiri chini ya kibaraza.

Ilipokolea tukatoka. “Moja, mbili, tatu,” gazeti juu, gazeti chini, ndani mbio. Unga ulikuwa umejaa mashimo madogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Tuliuacha ukauke hadi asubuhi, kisha tukachekecha kwa chujio la chai.

Vilibaki vidonge. Vingi vidogo kama wimbi. Vingine kama mtama. Na vichache, labda saba au nane, vikubwa kama ndengu. Binti alivipanga kwa mafungu juu ya karatasi, anavihesabu kwa kidole, na fungu la ndengu akalilinda kama mali.

Kwa nini yatofautiane? Tone la wingu ni dogo mno, kama sehemu ya hamsini ya milimita, na huanza kwa mvuke kushika kitu: chembe ya vumbi, ya chumvi ya bahari, ya moshi. Lenyewe halianguki, linaelea. Ili upate tone moja la mvua la milimita 2 unahitaji kama matone milioni moja ya wingu yaungane. Wingu fupi, lenye hewa iliyotulia, halina muda wala nguvu ya kuunganisha, linatoa manyunyu. Wingu refu la jioni za masika, lile linalopanda kama moshi wa tanuri kwa sababu ardhi imepikwa mchana kutwa, hurusha matone juu na chini hadi yanenepe. Lakini nayo yana mwisho wake: yakikaribia milimita 5 au 6 hewa huyapasua. Na hakuna hata moja lenye umbo la chozi tunalochora shuleni. Madogo ni mviringo, makubwa yamebonyea chini kama andazi.

Kwa hiyo mvua ya ndengu na mvua ya wimbi zinaweza kuacha milimita zilezile kwenye kipimo, lakini hazikutoka kwenye wingu moja na hazifanyi kazi moja zikifika chini.

Nilikuwa nakung'uta sinia aliponiuliza, “Anti, ile ya wakati ulienda matanga ilikuwa ya ndengu ama ya wimbi?”

Nikasema sijui.

Nilikuwa na namba tatu zenye nukta, na sijui.

## Mlinzi

Ningeweza kumuuliza baba yake tangu siku ya kwanza. Hukaa pale getini usiku kucha. Sikumuuliza kwa sababu sikutaka jibu.

Katikati ya Mei alinijibu bila kuulizwa. Tulikuwa tunazungumzia mtaro ulioziba, akasema, “Si kama ule usiku wa Jumamosi ulipokuwa kwenu. Ile ilishuka saa moja tu, haikufika hata. Maji yakaingia darasa la watoto wadogo, nikatoa magodoro peke yangu.”

“Na Ijumaa usiku? Na Jumapili?”

“Kavu. Ilinyesha hiyo moja tu.”

Nilirudi dukani nikafanya hesabu nyuma ya risiti. Uwanja ni kama mita 20 kwa 30. Mita za mraba 600, mara 31: lita 18,600. Yale malori ya maji yanayozunguka mitaani hubeba lita 10,000, kwa hiyo ni kama malori mawili kasorobo yamefunguliwa kwenye uwanja wa chekechea chini ya saa moja. Ugawe maji hayohayo kwa usiku tatu, kama nilivyofanya mimi, na mtaro hata uliozibwa na mifuko nusu utayameza. Hakuna godoro litakalolowa.

Nilikuwa nimeifuta mvua iliyoingiza maji darasani, na mahali pake nikaweka tatu za upole. Mbili kati yake hazikuwahi kunyesha.

Sitawadanganya, kitu cha kwanza nilichotafuta ni kisingizio, na nilikipata haraka. Jumla ni ileile! Milimita 31.0 za mwezi hazijaongezeka wala kupungua. Mwisho wa mwezi nani anaangalia siku?

Kisingizio hicho kilinishika kwa siku kama nne.

## Uthiru

Nilikwenda Jumapili mchana, mabasi mawili na foleni. Mwalimu alinikaribisha kwa chai ya tangawizi, akaniletea daftari lake la mwaka bila mimi kuomba, kama mtu anayeonyesha wajukuu. Nikaenda moja kwa moja Aprili. Jumamosi 0.0. Jumapili 44.6. Jumatatu 0.0.

Nilijaribu mara ya mwisho. “Lakini Mwalimu, mvua ya Uthiru si ya Umoja.”

“Si ya Umoja,” akakubali. Akanywa chai. Akangoja.

Alifundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, anajua kungoja.

Nikasema yote. Mazishi, 31.0, kugawa, nukta. Nilitarajia hotuba. Badala yake alivuta lile daftari la zamani, lile lililoliwa na mchwa, akafungua katikati na kulisukuma upande wangu wa meza.

Ukurasa mzima ulikuwa na vistari. Siku baada ya siku, kistari, kistari, kistari, na pembeni kwa mwandiko wake wa ubaoni: “Kipimo kimeibwa.” Kilikuwa cha shaba. Kiling'olewa usiku na kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alikaa siku 41 akiandika kistari kila asubuhi saa tatu mahali ambapo kipimo kilikuwa, hadi alipopata cha plastiki.

“Kwa nini ulikuwa unaandika kabisa?”

“Ili nisizoee kutoandika.”

Nikafunua kurasa. “Mjukuu ametia maji.” “Nimelazwa.” “Faneli imezibwa na majani, namba si ya kutegemea.” Halafu kisanduku kimoja, siku ya kawaida kabisa ya Novemba, katikati ya mvua za vuli, mvua kabla yake na mvua baada yake. Kistari, na neno moja.

“Nimesahau.”

Hakuna maelezo. Hakusema alikuwa mgonjwa, hakusema kulikuwa na wageni. Nililitazama hilo neno muda mrefu kuliko nilivyotazama zile siku 41. Mtu angeweza kuweka 3.6 pale na dunia isingejua milele.

“Sifuri ni kitu umekiona,” alisema. “Umetoka, umeinua faneli, umekuta pakavu. Kistari ni kwamba hukuona. Wewe hukuweka hata kimoja.”

Nikamwambia basi nitarekebisha, nitaiweka 31.0 yote kwenye mstari wa Jumapili kama alivyosema mlinzi. Nilidhani nimepata jibu sahihi.

Akatikisa kichwa. “Mlinzi aliona mvua. Hakuona milimita. Je, kama Ijumaa usiku yalishuka manyunyu ya nusu milimita naye kajifunika?”

Hapo nilichoka naye kidogo, nikiri.

## Nusu ya uwanja wa mpira

Ndani ya basi la kurudi nilikuwa na swali ambalo kwa adabu sikulitoa mezani kwake: yote haya ya nini? Idara ya Hali ya Hewa ina kituo Dagoretti Corner, kuna vipimo kwenye viwanja vya ndege vya Wilson na Jomo Kenyatta, na Eastleigh. TAHMO, mtandao wa kupima hali ya hewa barani, wameweka vituo vinavyojipima vyenyewe, vingi katika shule, katika nchi nyingi za Afrika. Juu kabisa kuna satelaiti. Sasa kistari cha mwanamke wa fotokopi kina uzito gani?

Nikatafuta jibu nikitarajia kukatishwa tamaa. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Chris Kidd walijiuliza swali la kitoto: ukijumlisha midomo ya vipimo vyote vya mvua duniani ambavyo takwimu zake zinapatikana, vinafunika eneo gani? Jibu lilikuwa chini ya nusu ya uwanja mmoja wa mpira.

Dunia nzima. Nusu ya City Stadium.

Na satelaiti haihesabu matone. Nyingine hutazama ubaridi wa kilele cha wingu na kukisia: kilele baridi, wingu refu, huenda mvua ipo. Lakini kilele kinaweza kuwa baridi kwa sababu ni utando mwembamba wa mawingu ya juu sana yasiyodondosha kitu. Na Nairobi ya Julai ni kinyume chake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, ila hawakupanga nyumba hapa: wiki tatu za mawingu ya kijivu, mafupi, ya chini, watu na masweta, na kwenye daftari langu T, T, 0.0, T. Kilele cha mawingu hayo hakina ubaridi wa kutosha kuishtua satelaiti. Kwa hiyo wanaotengeneza ramani za mvua huchukua makisio ya satelaiti na kuyasahihisha kwa namba za vipimo vya chini.

Kwa vipimo vya chini. Nilisoma hapo mara mbili, basi likiwa limekwama.

Maana yake, satelaiti ingeipita Umoja usiku wa kuamkia Jumamosi ile na kusema kweli kwamba hapakunyesha, kisha ikutane na 12.4 yangu, na anayeonekana mwongo awe satelaiti.

Baada ya Aprili ya 2024 hakuna mkazi wa jiji hili anayehitaji kuelezwa kazi ya mvua moja ya usiku mmoja. Anayechora mtaro anahitaji kujua ni milimita ngapi zinaweza kushuka kwa pigo moja, na jibu analichimbua kwenye orodha za siku kama zangu. Wastani wa mwezi haumsaidii.

## Mstari mmoja

Daftari la mvua halifutwi. Hakuna raba, hakuna wino mweupe. Unapiga mstari mmoja juu ya namba mbaya ili bado isomeke, unaandika nyingine pembeni.

Nilifanya hivyo dukani, mashine imezimwa. Mstari juu ya 12.4. Mstari juu ya 8.2. Mstari juu ya 10.4. Kistari kwa Jumamosi, kistari kwa Jumapili, na kwenye Jumatatu: “31.0, jumla ya siku 3.” Kwenye maelezo nikaandika: “Sikuwapo. Niligawa kwa kukisia. Mlinzi anasema ilinyesha usiku wa kuamkia Jumapili tu.”

Ukurasa ule sasa ndio mbaya kuliko zote.

Nikamtumia mratibu masahihisho. Alijibu baada ya siku sita, neno moja: “Imepokelewa.” Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama au pongezi, nikabaki nayo mikononi yote mawili.

Mwishoni mwa Juni ilibidi nirudi Mwingi kwa mambo ya shamba la marehemu. Safari hii nilimwachia binti wa mlinzi daftari, kalamu na vocha ya simu. Jumamosi nikiwa chini ya mwembe na wazee wa ukoo, simu ikalia. Nikatazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika mbili.

“Anti, hakuna kitu.”

“Umeinua faneli?”

“Sijainua. Kuna buibui ndani. Amejenga utando kutoka huku mpaka huku.”

“Inua polepole uangalie chupa.”

Nikasikia anahema, nikasikia kuku wa mtu, nikasikia plastiki ikigongana.

“Kumekauka kabisa.”

“Basi andika sifuri nukta sifuri.”

“Na buibui? Nimtoe kwanza ama nimwandike kwanza?”

“Mwandike kwanza.”